Homa ya Bonge

Bonge alipewa jina hilo kwa mashavu yake. Sasa, kwenye kitanda cha wodi ya watoto, mashavu yalikuwa yamebonyea na tumbo ndilo lililovimba. Mama yake, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshachoka kuwa mpole.

Daktari wa kwanza alisema malaria. Aliyefuata akasema taifodi. Mwingine akaongeza dawa kali ya kuchomwa mshipani, akaondoka bila kumtazama mtu usoni. Homa ikagoma kushuka, na hata damu aliyoongezewa haikukaa.

"Mnambadilishia dawa kama nguo!" Mama Bonge alimfokea daktari mpya, dada mmoja mwembamba. "Mwanangu si kitambaa cha kujifunzia kukata!"

Daktari alikibonyeza taratibu kitumbo cha Bonge. Bandama na ini vyote vilikuwa vimevimba. "Mama, kuna mtoto mwingine kwenu aliyewahi kuugua hivi?"

"Hakuna," bibi yake Bonge akadakia. "Yaliyopita yamepita."

"Yapi hayo, bibi?"

Mama Bonge akamgeukia mkwewe. "Niache niseme, mama. Nisiposema nitapasuka." Akaeleza habari za kifungua mimba wake, binti aliyekufa kwa homa na tumbo kama hili. Nyumbani walikatazana kumtaja.

Daktari akavuta kiti, akaketi. Alichukua damu na uboho wa ndani ya mfupa, lakini mashine ya hospitali ilikuwa mbovu, ikabidi sampuli zisafirishwe. Mama Bonge akawa anazunguka korido akiuliza majibu, anaambiwa subiri, anazunguka tena.

Hatimaye daktari akaja mbio. "Kinga ya mwili wake imepagawa. Chembe za kumlinda ndizo zinazomla damu. Ni ugonjwa adimu, wa kurithi, na unaua. Leo hii tunaanza dawa za kuituliza kinga. Baadaye atahitaji kupandikizwa uboho."

"Mbona hamkuniuliza mapema?"

"Tulipaswa kukuuliza, mama. Samahani."

Baada ya siku kadhaa homa ikashuka. Bonge akadai maji, kisha akalalamika kwamba si ya baridi. Baba yake akacheka mpaka akafuta machozi. Baba huyo alikuwa ameshatolewa damu kupimwa kama uboho wake utamfaa mtoto.

Bibi hakucheka. "Daktari," aliuliza kwa sauti ndogo, "na yule binti, angepona?"

"Labda, bibi."

Mama Bonge akatoka nje, akaubamiza mlango wa wodi. Labda!