Mkono Uliokamua Mashuka

Shuka lililolowa lina uzito wa mtoto aliyelala. Nilimpa mjukuu wangu ncha moja, mimi nikashika ya pili, tukalisokota mpaka maji yakachuruzika kwenye sakafu ya chumba cha kufulia.

"Kwa mkono wa kushoto," nilimwambia. "Wa kulia uache upumzike."

"Umepumzika vya kutosha, Bibi. Hata mfalme hapumziki hivyo."

Ni kwa maneno yake kama hayo tulimwita Kiberiti. Ajali iliyomchukua mama yake, binti yangu wa pekee, ilimwachia yeye kiwiko cha kulia kisichonyooka. Na mkono huo ndio uliokuwa wa upanga. Tangu udogo wake alicheza panga, zile za mazoezi zisizo na makali, kwenye ukumbi ulio nyuma ya karakana ya baiskeli. Mwalimu wake, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alikuja msibani, akakaa, akanywa maji. Alipoaga alisema, "Bibi, nafasi yake nitamshikia mpaka shule zifungwe. Ajaribu kwa kushoto. Ikishindikana, itabidi nimpe mwingine."

Nikaitikia kama mtu anayeambiwa mvua huenda ikanyesha.

Watu walinisifu kwamba nimepiga moyo konde. Sikupiga kitu. Ilikuwa kama ile ganzi ya daktari wa meno: unagusa shavu, unajua ni lako, basi. Nilifua mashuka ya nyumba ya wageni, nikapiga pasi, nikala nilichowekewa. Kitambaa nilichojifunga siku ya mazishi kilibaki kichwani. Nywele zangu alikuwa akinisuka binti yangu kila Jumapili, na Jumapili zilikuja zikapita.

Mkono wa kushoto wa Kiberiti mwanzoni ulikuwa kama mgeni mwalikwa, umekaa tu unangoja kuhudumiwa. Nikaupa kazi. Ndoo, pasi, mashuka mazito ya vitanda vikubwa. Mimi darasani sikukaa sana, lakini nguvu nilijua zinakotoka. Msuli ukavimba, yeye akaanza kuukunja mbele ya kioo.

Nikampeleka ukumbini kichwa juu. Mwalimu akamkabidhi upanga, akaugonga kwa upanga wake kidogo tu, kama anayebisha hodi. Wa Kiberiti ukaruka, ukaanguka chini kwa kishindo. Akauokota. Ukaanguka tena.

"Nguvu anazo," alisema mwalimu. "Ila anaushika kama anaukamua. Nani alikuwa anamfanyisha mazoezi?"

Mimi nikatazama ukutani, penye misumari ya kutundikia panga. Kila mwanafunzi na wake. Msumari wa Kiberiti ulikuwa bado mtupu.

Tulipofika nyumbani Kiberiti akachukua kitana, akavuta kigoda, akakaa.

"Bibi, vua kitambaa."

"Kwa nini?"

"Shuka halisemi nikilibana. Nataka kitu kitakacholia nikikaza mno."

"Mimi silii, mjukuu wangu. Unaona mwenyewe."

"Kaa basi."

Nikakaa sakafuni, katikati ya magoti yake. Mkono wa kulia ulishika tu. Wa kushoto ndio uliopasua njia na kusuka, na njia zenyewe zilipinda kama za mlevi anayerudi kwake. Alivuta mpaka kichwa kikaenda nyuma. Nilijua anavuta, kwa sababu niliona dari.

"Naumiza?"

"Sijui," nilisema, na ndivyo ilivyokuwa.

Akafumua, akasuka upya. Kila jioni ikawa hivyo. Jirani yetu alinicheka, akaniuliza kama nimegombana na msusi. Polepole dari ikaacha kuonekana. Vidole vile vikajifunza kukaza na kulegeza, kukaza na kulegeza, na mistari ikanyooka.

Shule zilipofungwa mwalimu mwenyewe alisimama mbele yake. Mwalimu alimgusa kwa ncha mara nyingi, sitaki kumsifia mjukuu wangu uongo. Lakini upanga haukuanguka. Mara moja alipougonga kwa nguvu, niliona vidole vya Kiberiti vikilegea, vikauacha upanga ugeuke ndani ya kiganja, kisha vikakaza. Ncha ikatua begani kwa mwalimu, taratibu, kama inzi.

Mwalimu aliitazama ile ncha. Akauchukua ule upanga, akautundika kwenye msumari wa Kiberiti.

"Jumatatu," alisema. "Usichelewe."

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, mikono ikafanya kazi yake.

Tulipofika nyumbani nikavua kitambaa, nikakaa sakafuni.

"Fumua."

"Nimekusuka jana, Bibi. Bado zinang'aa."

"Fumua tu."

Akafumua. Akaanzia nyuma ya sikio la kushoto, mahali alipokuwa akianzia mama yake, na sijui kama alijua. Akapasua njia, akashika fungu la nywele, akavuta.

Nikashtuka. Mkono wake ukasimama papo hapo.

"Nimekuumiza?"

"Ndiyo," nilisema. "Endelea."