Fomu ya Kuhesabu Yangeyange

"Kwa mamlaka iliyonayo, Idara Kuu ya Ndege wa Majini inamwagiza kila mkuu wa kaya kuhesabu, kwa jioni kumi na nne mfululizo, yangeyange wote wanaorudi kulala kwenye matete ya bwawa, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo hadi giza litakapoingia. Atakayekaidi atajieleza kwa maandishi."

Idara hiyo haikuwapo duniani. Makao yake makuu yalikuwa chini ya kitanda cha binti mmoja wa kidato cha tatu, na muhuri wake ulichongwa kwenye nusu ya kiazi. Nusu ya pili ilichemshwa, ikaliwa na chumvi.

Mama yake alimpa binti huyo jina la Kiranja, maana nyumbani alikuwa akiamrisha watu wazima na kuku. Shuleni hakuwahi kuukaribia ukiranja, isipokuwa siku alizokuwa akiadhibiwa na viranja wenyewe. Ufundi wa mihuri aliupatia bwenini, ambako ruhusa zake za kutoka zilikuwa safi kuliko za mwalimu wa zamu. Safari hii alikuwa na ruhusa ya kweli. Mama alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, na zilibaki wiki mbili na siku chache tu arudi shule.

Baba yake, karani wa masjala, alikuwa anakaa kwenye ukingo wa kitanda, soksi moja mguuni, ya pili mkononi. Asubuhi ungemkuta hivyo, na jioni ungemkuta vilevile. Sahani ikiletwa, anaisogeza pembeni kwa adabu kama faili la mtu mwingine. Shangazi alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mkubwa wake wa kazi alikuja, akakaa, akatazama dari, akaaga. Kiranja peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba baba, tangu aanze kazi, hajawahi kuacha fomu bila kuijaza.

"Baba, kuna karatasi imeletwa."

"Weka hapo."

"Wanasema tunaanza leo."

Mzee aliitazama karatasi muda mrefu. Kisha akavaa ile soksi ya pili.

Walipita nyuma ya gereji, wakakata katikati ya bustani za mboga hadi kwenye bwawa. Yangeyange walikuja kwa mafungu, weupe, wakining'iniza miguu kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Baba alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza.

"Arobaini na mmoja. Yule aliyehama tete usimhesabu mara mbili. Huo ni udanganyifu."

Kiranja alipaliwa na mate.

Jioni ya nne, kwenye safu ya maoni, mzee aliandika: "Wawili walichelewa. Hawakutoa sababu." Kiranja alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Baba alimtazama, na pembe ya mdomo wake ikatikisika kidogo, kama mlango uliokwama unapojaribiwa. Jioni ya sita alimshika binti bega ghafla amwonyeshe ndege mdogo wa buluu akijitosa majini. Usiku ule alikula, akaomba kuongezewa.

Jioni ya tisa aliandika: "Mwezi umetoka mapema. Mke wangu angeniambia nitazame." Kiranja aliisoma sentensi hiyo peke yake mezani, akairudisha fomu palepale alipoikuta, ukingo kwa ukingo.

Jambo moja hakulipigia hesabu: mtu asiyeacha fomu bila kuijaza haachi pia kuirudisha.

"Nitaipeleka mimi, baba. Wewe pumzika."

"Fomu ya serikali haipelekwi kama unarudisha sufuria ya jirani," alisema mzee akifunga tai.

Kiranja alibaki jikoni akisugua sufuria moja saa nzima. Watamcheka huko ofisini. Atarudi kwenye ukingo wa kitanda, na Jumatatu yeye hatakuwepo wa kumtoa.

Baba alirudi saa kumi na moja. Alivua tai, akanywa maji, akasema, "Twende." Ilikuwa jioni ya kumi na tano, ambayo haikuwa na safu kwenye fomu yoyote.

Walipofika kwenye matete, alitoa ile fomu mfukoni.

"Madirisha manne. La kwanza wakanituma la pili, la pili la tatu. La nne kijana akaita wenzake waje waone."

"Walicheka?"

"Walicheka. Mmoja nilimfundisha kazi mimi." Alipitisha kidole gumba juu ya muhuri. "Miaka thelathini na moja nashika mihuri, mwanangu. Huu una jicho la kiazi katikati, na sikuliona. Umeelewa nilikuwa nimefika wapi?"

Kiranja alikohoa, akavuta ile sauti yake ya mdahalo. "Mheshimiwa baba, kwa kuzingatia afya ya mkuu wa kaya, idara iliona vyema..."

"Wewe."

Kiranja akaiacha sauti ile.

"Ulinionea huruma?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Uongo mzuri ulikuwa tayari, umeshagongwa muhuri. Lakini alipofungua mdomo haukutoka.

"Hapana, baba. Nisamehe. Haikuwa kwa ajili yako." Alitazama viatu vyake. "Saa kumi na mbili ndiyo saa ambayo mama alikuwa akirudi kutoka kazini. Nikisikia geti la jirani nainuka nikampokee mkoba. Siku tatu niliinuka. Ya tatu nilifika mpaka mlangoni, nikafungua. Nilitaka saa ile inikute mahali pengine, na kuja huku peke yangu naogopa. Basi nikakuburuta."

Baba aliikunja fomu. Ndege walikuwa wameanza kushuka, na hakuna aliyewahesabu.

"Na haijasaidia, baba," alisema Kiranja, sauti ikikatika. "Ukiwa unatazama ndege, mimi huwa natazama njia tuliyojia."