Shimo Chini ya Tope Jekundu

Mimi, Ugbad, nafundisha Jiografia hapa Tarbaj, na ubaya wangu ni mmoja: nikijua jambo, siwezi kunyamaza.

Wakati wa ule ukame mrefu, mdogo wangu Ayanle alirudi kutoka malishoni na ngamia mmoja tu, naye hoi kwa kiu. Hooyo, mama yetu, akamwambia mbele ya majirani kwamba hana mtoto wa kiume. Ayanle akachukua jembe, akaondoka. Hatukumwona tena.

Mwaka uliofuata yakaja mafuriko. Maji yalipopungua, Aweys, dalali wa ngamia, akaleta salamu kutoka Mandera: eti amekutana na Ayanle juzi, mzima, na anasema amemsamehe mama yake. Siku hiyo Hooyo alikula akashiba. Salamu ile akawa anairudia kila siku, mpaka mimi nikaichoka.

Mwezi uliopita, watu waliokuwa wakizoa tope kwenye bwawa lililokauka walikuta mifupa, na kando yake jembe letu. Tukaitwa. Hooyo alilia sana, kisha akajifuta uso.

"Alhamdulillahi, alinisamehe kabla hajafa. Lazima alikuwa njiani kurudi kwangu."

Mimi nikatazama ukuta waliouchimba. Somo hili wanafunzi wangu wanalijua: kila mvua hutandika tope lake juu ya lile lililotangulia, uzito hulishindilia, na baada ya miaka isiyohesabika huwa mwamba. La chini ndilo la zamani. Hapo chini palikuwa na tope jeusi, na ndani yake shimo la kutafutia maji lililomporomokea mchimbaji. Juu ya shimo, tope jekundu la mafuriko lilipita moja kwa moja, halina hata ufa.

Damu ikanichemka. Aweys alikuwa palepale.

"Muongo wewe! Shimo limekata jeusi, jekundu halikuguswa. Alikufa kabla ya mafuriko! Huko Mandera ulikutana na nani?"

"Abaayo, dada yangu, mama yako hakuwa anakula," akajibu, macho chini. "Wallahi, ni hilo tu."

Ndipo nilipokumbuka kwamba Hooyo yuko nyuma yangu. Laiti ningeuma ulimi! Alisogea, akapitisha kiganja kwenye lile tope jekundu, toka upande mmoja hadi mwingine.

"Kwa hiyo alikufa na hasira yangu," akasema.

Tulipomaliza mazishi, Hooyo alimwita Aweys, akamshukuru kwa salamu zile. Mimi hajanisemesha mpaka leo.