Mgongo wa Barua ya Rais

Simu ya Daktari iliita nikiwa nimeshika brashi ya gundi. Nilikasirika. Fundi wa kujalidi vitabu akishapaka gundi hana ruhusa hata ya kupiga chafya. Lakini iliita mara ya tatu mfululizo, nikajifuta mikono kwenye aproni na kupokea nikiwa nimeshakunja uso.

"Fundi, njoo haraka! Ukuta wangu unavuja. Rais anaota ukungu."

Nilicheka kwa sauti. Nikaacha kitabu cha watu hapo mezani, nikakwapua mkoba wangu wa vifaa na kutoka mbio. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mbio barabarani, mchana kweupe! Wacha wanishangae. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja miaka kumi na moja.

Mimi na Daktari tuna ugonjwa mmoja. Tunakusanya barua zilizotiwa saini na viongozi wakati nchi zao zimeshikana mashati: balozi kafukuzwa, ndege imezuiwa, mpaka umefungwa. Wenzetu hukusanya stempu, sisi tunakusanya hasira za wakubwa. Yeye ni daktari wa meno mstaafu na ana barua arobaini. Mimi ninazo saba tu, ila zangu nazijua mbele na nyuma. Yeye haangalii kitu ila saini. "Saini ndiyo barua," husema. "Mengine yote ni kazi ya makarani."

Fahari ya ukuta wake ni barua ambayo rais wetu wa zamani aliandika kuomba yaishe, siku ile ubalozi wa nchi jirani ulipokuwa unafungasha. Ubalozi ulisema haukuipata. Mpaka ukafungwa miaka mitatu, na tarishi wa wizara aliyeipeleka kwa baiskeli akafukuzwa kazi kwa kuipoteza. Tarishi huyo ni baba yangu.

Baba hajawahi kubadilisha maelezo yake. "Nilifika saa nne kamili. Karani alikuwa anafunga masanduku. Akapiga muhuri mgongoni mwa barua, maana kwao barua ya rais haipigwi muhuri usoni, halafu akasahau kunisainia daftari langu." Basi, maneno ni hayo hayo miaka nenda miaka rudi. Kisha barua ikaibuka ndani ya boksi la makaratasi makuukuu, Daktari akainunua, na midomo ya watu ikapata kazi upya: kumbe tarishi aliificha, kumbe aliiuza! Waliyasema hayo kwa kinyozi, Baba akiwa kwenye kiti, povu shavuni. Tangu hapo hakurudi tena kwa kinyozi. Mimi ndiye ninayemnyoa.

Ungedhani ni kuigeuza tu tuone. Loo! Daktari, msomi mzima, alikuwa ameipaka barua gundi ya seremala na kuibandika kwenye ubao, isijikunje ndani ya fremu. Ni kosa la wakusanyaji wachanga, wapendao kitu mpaka wakakiua. Kila nilipomwomba niibandue, aling'aka. "Usimguse rais wangu! Wino ukichuruzika je?" Na hapo hakukosea, wino ule unaogopa maji.

Nilimkuta sebuleni kaikumbatia fremu. Ukutani palikuwa na doa la unyevu, na kona ya chini ya barua ilishaanza kuota madoa ya kijivu.

"Ikibaki hapo itaoza," nilimwambia. "Nikiibandua, inaweza kuchanika. Sema wewe, Daktari."

Aliiweka fremu mezani. "Ibandue. Lakini fundi, na kama nyuma hakuna kitu?"

Niliutoa ubao kwenye fremu. Niliogopa, nasema kweli. Kama nyuma ni peupe, kesho asubuhi nitashika wembe na kumnyoa baba yangu nikijua asilotaka nijue.

Niliifunika saini kwa karatasi kavu na kuikandamiza kwa kipande cha kioo. Pembeni nikaweka vitambaa vyenye unyevu na joto kidogo, gundi ilainike polepole. Kisu changu kilikuwa kinene. Daktari akakimbilia kabatini, akarudi na chuma chembamba cha kazi yake ya zamani.

"Hiki kimeingia kwenye vinywa vya mawaziri wawili," alisema.

"Basi kimezoea uongo. Leo kitafute ukweli."

Nilianza kona ya juu. Milimita, nangoja. Milimita, nangoja. Daktari alikuwa ananipumulia shingoni mpaka nikamwamuru akae chini, naye akakaa kama mgonjwa wake mwenyewe. Saa nzima ikapita. Nilipofika katikati, chini ya ukingo ulioinuka, niliona rangi ya zambarau.

"Daktari."

"Imechanika?"

"Kuna wino!"

Aliruka, kiti kikaanguka. Nikajilazimisha nisiharakishe, huku mikono ikitaka kupiga makofi. Barua ilipoachia yote, niliigeuza juu ya karatasi safi. Muhuri wa duara wa ubalozi, ukingo mmoja umeliwa na gundi. IMEPOKELEWA. Tarehe ile ile. Na kwa kalamu, pembeni: saa 4:10 asubuhi.

Nilipiga kelele. Nilimkumbatia Daktari, tukazunguka sebule nzima kama wehu. Alilia, nikalia. Hata hakuigeuza barua kutazama saini yake imepona au la. Ilikuwa imepona, mimi ndiye niliyeangalia.

"Twende kwa mzee," alisema, akivaa viatu bila soksi.

Baba alikuwa kibarazani, redio kaifungua matumbo nje. Daktari alimwamkia, "Shikamoo, mzee," kisha akanipisha. Niliiweka barua mapajani mwa Baba, mgongo juu. Alivaa miwani, akauangalia muhuri muda mrefu, mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwanangu, nilikudanganya."

Nilivuta kigoda, nikakaa mbele yake.

"Sikufika saa nne kamili. Tairi lilipata pancha. Nilichelewa dakika kumi." Alipangusa macho kwa kiganja. "Niliona nikisema nilichelewa, hata hayo mengine hawataniamini."

"Baba! Ndizo dakika kumi hizi umekaa nazo maisha yote?"

"Ningefanyaje?"

Daktari alitoa kadi nyeupe na kalamu mfukoni. "Mzee, naomba saini yako. Nataka niiweke kwenye fremu moja na ya rais."

"Mimi? Saini yangu ya mwisho ofisini ilikuwa ya kupokea barua ya kufukuzwa."

"Ndiyo maana naiomba, mzee."

Baba aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja. Akasita. "Na saa niandike?"

"Andika."

Akaandika: saa nne na dakika kumi. Akapiga mstari chini, akarudisha kalamu, kisha akajipapasa shavu lenye vinyweleo vya siku mbili.

"Kesho usijisumbue na wembe," aliniambia. "Nitakwenda kwa kinyozi."