Barua Zangu Juu ya Lubugo

Barua za mapenzi nilizomwandikia Karugendo wa Kaagya, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilizikuta zimetundikwa ukutani katika ukumbi mmoja pale Bukoba mjini, watu wanazizunguka na soda mkononi. Dativa, binti wa kaka yangu, aliona picha kwenye simu akaniambia, "Shangazi, umetundikwa." Nikatoka Muleba asubuhi ileile. Mimi si mtu wa kukaa mahali. Nimeuza samaki Bumbire, Ukerewe, Musoma, na shule nimeiokota darasa moja hapa, jingine kule. Lakini kusoma najua.

Nilizitambua kabla sijasoma hata mstari. Maneno yamedariziwa kwa uzi mwekundu juu ya lubugo, lile gome la mti linalopondwa mpaka liwe nguo. Wazee wetu walizikwa nalo. Na mshonaji ameiga hata mwandiko wangu uliolala kama migomba iliyopigwa na upepo.

Mama mmoja alikuwa anajifuta machozi. "Maskini, alimngoja mpaka akafa."

"Nani kafa?"

"Aliyeandika, bibi. Si unaona lubugo?"

Nikatazama chini kabisa, kwenye herufi kubwa: NAKUNGOJA MPAKA KABURINI. Nilitaka kutema mate. Sikumngoja Karugendo hata wiki. Mimi ndiye niliyemwacha, na nilimwandikia hivyo.

Nikasema kwa sauti kwamba aliyeandika ni mimi, na mshonaji akaja mbio. Evelyne, bintiye Karugendo, kichwa kilekile cha babake.

"Shikamoo, Ma Kokwijuka! Tuliambiwa ulifia Bumbire."

"Marahaba. Nilikufa nikachoka, nikarudi. Barua ya mwisho iko wapi?"

Akainama. "Ile ni kavu sana, Ma. Isingependeza."

"Kwa hiyo ukanitungia nyingine?"

"Baba alituambia ulimngoja, yeye ndiye aliyekuacha. Amelala kaburini sasa. Tumwachie heshima yake."

"Na yangu? Nilipanda boti ya wachuuzi kwa miguu yangu mwenyewe, binti. Miaka hamsini sijamlilia mwanamume yeyote. Leo unanifanya mjane wa mtu ambaye sikuolewa naye, halafu unanivika sanda nikiwa nimesimama!"

Watu waligeuka. Mwanamume mmoja akacheka, mkewe akamfinya.

Nikakaa kwenye kiti, nikaomba sindano, nikaanza kufumua uongo ule herufi moja moja. Evelyne alisimama kando, mikono kifuani, kama anayetazama ng'ombe wake akichinjwa. Uzi ukatoka wote. Lakini lubugo si pamba, halirudi. Matundu yalibaki, na kwenye matundu yale NAKUNGOJA ilisomeka vilevile.

"Lete mkasi."

"Ma, waitu, nakuomba! Nimefanya kazi hii miezi minane!"

"Basi lete barua."

Akaitoa kwenye bahasha ya plastiki. Karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Nikaisoma, na safari hii kinyaa kilinigeukia mimi mwenyewe. Hata salamu hakuna. *Usinisubiri, Karugendo. Nimechoka na mashairi yako na unanuka maziwa. Oa yeyote atakayekubali.* Mtu mzima aliisoma hii, akaikunja, akaitunza mpaka kufa kwake. Nilijiona kama mtu aliyelamba kisahani cha mbwa.

"Unaona?" Evelyne akasema polepole. "Mama bado yuko hai. 'Yeyote atakayekubali' ndiye yeye."

Nikaikunja tena barua. Ningeweza kumwambia aurudishe uongo wake. Ningepanda gari nirudi Muleba, niwe marehemu mpole anayeliliwa na wanawake wa mjini. Wazo hilo lilinichefua kuliko barua.

"Ruka huo mstari wa kuoa, kwa ajili ya mama yako," nikamwambia. "Mengine yote yashone palepale, juu ya matundu."

"Hata la maziwa?"

"Hata la maziwa. Na uandike chini kwamba niko hai."

Akatunga uzi, akaanza na U ya Usinisubiri.