Choo Kilichokosa Mwenyewe

Mwaka wa sabini na tatu nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka kitu kimoja tu: nafasi ya mafunzo ya mhudumu wa afya wa kijiji, miezi mitatu, mjini Bukoba. Mume nilikuwa naye. Mtoto nilikuwa naye. Ndizi na kahawa zilianzia mlangoni kwetu zikaishia bondeni. Lakini nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikiwa wa pili shule nzima, sekondari nikaikosa, na tangu siku hiyo akili yangu ilikaa bure. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Akili yangu ikikosa kazi, inaanza kugombana na sufuria.

Basi serikali ikaleta kampeni ya afya. Kila kijiji kiunde vikundi, kila kikundi kipate redio, na watu wakae pamoja mara moja kwa wiki wasikilize kipindi, kisha wajadili. Kila kikundi kilihitaji kiongozi anayesoma Kiswahili bila kukwama, maana kulikuwa na kitabu cha kufuata. Wazee wa kwetu, huku upande wa Muleba, wana hekima nyingi, lakini Kiswahili cha kitabuni kiliwapiga chenga. Wakatazamana, wakakohoa, mwisho wakasema, "Mpeni mkamwana wa Kagaruki. Si alisoma?" Hivyo ndivyo mimi, Kokuberwa, nilivyopata kikundi: watu wazima ishirini na zaidi, nusu yao wananizidi umri mara mbili.

Mmoja wao alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Kagaruki.

Hapo ndipo penye kisa. Kwetu mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Jina lake silitaji. Mkono simpi. Nikimsalimu napiga magoti pembeni ya njia, uso chini, naye anaitikia akiitazama migomba. Kiti alichokalia sikikalii. Nilikuwa nimeishi katika mji wake miaka miwili, na nadhani maneno yote tuliyokuwa tumesemezana yangeenea kwenye kikombe. Wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mzuri sana ambaye sikuruhusiwa kumjua.

Kikundini alikaa nyuma kabisa, kiubavu, kichwa amekielekeza kwenye redio. Mimi nilifundisha nikiwatazama wengine. Kanuni niliyoiweka siku ya kwanza ni kwamba mtu haongei mpaka anyooshe mkono na kiongozi ampe nafasi, maana bila hivyo wazee wangekatizana maneno mpaka redio izimike yenyewe. Wote walinyoosha mikono isipokuwa yeye.

Wiki ya pili somo lilikuwa choo. Nilisema kila nyumba ichimbe, shimo refu, liwe na paa na mlango. Nilisema kwa ukali kidogo, maana wanaume wawili walikuwa wanacheka. Kesho yake asubuhi nikasikia jembe nyuma ya nyumba. Baba mkwe alikuwa anachimba.

Alichimba wiki nzima, na kwa kweli hakikuwa choo cha kawaida. Kuta za matete yaliyosukwa vizuri kama ya nyumba ya kuishi, paa la nyasi mpya, mlango unaofunga. Kijiji kizima kilikuja kukitazama. Alipomaliza alinawa mikono, akaingia ndani, hakusema neno. Nani angesema? Mambo ya choo hayasemwi mbele ya mkamwana, na mkamwana hayasemi kabisa.

Nilijua bila kuambiwa kwamba kile choo ni chake. Kama kiti chake sikikalii, niingie chooni mwake? Kwa hiyo nikaendelea kwenda mgombani kama zamani, alfajiri, nimeshika jembe kama mtu anayewahi kupalilia. Kila wiki nasimama mbele ya watu nawafundisha habari ya inzi na kuhara, halafu alfajiri nashika jembe langu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtoto wangu Jovita aliharisha siku tatu mwezi ule, na nilijua vizuri kabisa kwa nini, maana nilikuwa nimewasomea wenzangu ukurasa wenyewe.

Nilijaribu kumwambia mama mkwe. Mama Klaudia alikuwa ananipenda, alikuwa ananiita mwana wange, yaani mwanangu, hata nilipounguza maharage.

"Mama," nikasema tukimenya ndizi, "kile choo…"

"Mwana wange, hilo halisemwi," akanikata. "Menya."

Nikamenya.

Mwishoni mwa mwezi wa pili Bwana Afya wa wilaya, kijana wa Kilutheri aitwaye Nathanieli, alipita na pikipiki akatangaza habari iliyoninyima usingizi. Katika kata nzima atachaguliwa kiongozi mmoja wa kikundi aende Bukoba kwenye mafunzo. Masharti mawili: nyumba ya kiongozi iwe mfano, na wakubwa wa mji wakubali aende. Mume wangu Clavery alikuwa anapakia kahawa Bukoba na kulala mtaa wa Nshambya huko huko, kwetu anakuja mara moja kwa mwezi; yeye alishasema, "Kwangu hakuna shida, ila mji ni wa baba." Kwa maneno mengine, mtu wa kuamua maisha yangu alikuwa yule mmoja ambaye sikuweza kumwomba.

Bwana Afya akasema atarudi siku ya kikundi, akague nyumba, kisha azungumze na wanakikundi wote.

Akarudi kweli. Tulikuwa tumekaa uwanjani kwetu, kipindi kimekwisha. Alikagua nyumba za jirani, akaja kwetu wa mwisho, akazunguka nyuma. Aliporudi hakuwa anatabasamu.

"Kiongozi," akasema mbele ya wote, "nimeona vyoo vingi wilaya hii. Hakuna kizuri kama kile. Nani anakitumia?"

Watu wakaitazama redio.

"Nauliza kwa sababu nimefungua mlango, utando wa buibui ukanishika uso. Njia yake imeota majani. Choo kimejengwa miezi miwili. Nani anakitumia?"

Mnaniona pale nilipo? Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema "sote," nikacheka kidogo, nikasema nyasi zinaota haraka na mvua hizi, angeandika na mambo yangekwisha. Nikisema kweli, nyumba yangu si mfano tena, na zaidi ya hapo namvua nguo baba mkwe mbele ya kijiji, mtu ambaye ruhusa yake ndiyo maisha yangu. Nilimwona Mama Klaudia akinikodolea macho: nyamaza.

Nilitaka kusema "sote." Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamwona Jovita mgongoni kwa jirani, amekonda shingo, na hasira zangu za karibu zikanifikia.

"Sijui nani anakitumia," nikasema. "Mimi sikitumii."

"Kiongozi hutumii choo?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni cha baba mkwe."

Mtu mmoja akasema "Mawe!", yaani mama wee, kwa sauti ya chini, kama anayeona chungu kinaanguka. Nilisimama nimeinamisha uso, nikingoja. Nikajiambia, haya, Kokuberwa, Bukoba umeiona kwenye ndoto, rudi kwenye maharage yako.

Kisha watu wakaanza kugeuka nyuma, mmoja mmoja, nami nikainua macho.

Mzee Kagaruki alikuwa amenyoosha mkono.

Alikuwa ameunyoosha wima, kama nilivyowafundisha, na alikuwa anangoja. Mzee yule, mwenye mji, aliyekuwa na haki ya kuinuka akatufukuza sote na redio yetu, alikuwa anangoja nimpe nafasi. Na mimi sikujua nimwiteje. Jina silitaji. Kumwita baba pale, nikiwa nimesimama na yeye amekaa, ilikuwa ni matusi. Nikashika neno ambalo miaka ile kila mtu alimwita nalo kila mtu.

"Ndugu mwanakikundi," nikasema, "karibu."

Akasimama. Akaitazama migomba, kama kawaida yake.

"Ndugu Kiongozi, asante. Mimi kile choo sijawahi kukiingia. Nilimchimbia kiongozi wa kikundi hiki. Nilisema haiwezekani mke wa mwanangu afundishe watu choo halafu yeye aende mgombani. Kilipokwisha, nikakiacha. Nitaingiaje choo cha mkamwana? Kila alfajiri nabeba panga langu, nakwenda kukata majani ya migomba."

"Waitu!" Mama Klaudia akaruka bila kunyoosha mkono wala nini. "Kumbe! Mimi nilidhani ni cha serikali! Nilidhani mnakitunza Bwana Afya aje akikute kipya!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Byabato, jirani yetu, akasema ndiyo maana kibanja chetu kilikuwa safi kuliko vyote kijijini, mkamwana anapalilia upande mmoja na mzee anapogoa upande wa pili, kila siku ya Mungu, hakuna hata jani lililokauka. Nami nikacheka, na machozi yakanitoka hapo hapo, maana nilielewa kwamba miezi miwili yote ile yule mtu alikuwa ananiheshimu kwa kwenda porini, nami namheshimu kwa kwenda porini, na mtoto wetu anaumwa tumbo katikati.

Bwana Afya hakucheka. Alingoja wanyamaze, akauliza, "Nani mwingine ana choo kinachongoja mwenyewe?"

Wakatazamana. Mzee Byabato aliyekuwa anatucheka akanyoosha mkono kwanza, polepole, kama mkono si wake. Kisha mwingine. Kisha mwanamke mmoja aliyeolewa mwaka ule. Mikono ikajaa.

"Mficha uchi hazai," akasema Bwana Afya. "Nimekagua nyumba hizi zote leo. Mlinionyesha milango, nikaandika kwamba kazi imekwisha."

Tukajadili hapo mpaka jua likashuka. Mwishowe tukakubaliana kwamba nyumba yenye mkwe ichimbe mashimo mawili, moja upande huu wa nyumba na jingine upande ule, na kila shimo litajwe ni la nani, kwa mdomo, mbele ya kikundi, asiwepo wa kudhani. Hakuna redio iliyotufundisha hilo. Kitabu hakikuwa na ukurasa wake.

Halafu Mzee Byabato akanyoosha mkono tena. "Ndugu Kiongozi, sina ubaya. Lakini yale mafunzo ya Bukoba, sharti ni nyumba ya mfano. Hii ya kiongozi wetu imekwama. Tusimdanganye Bwana Afya."

Alisema kweli, na hakusema kwa ubaya. Nikamtazama Bwana Afya, naye akafunga daftari lake akasema taratibu, "Nyumba ya mfano naweza kuingoja mwezi mmoja. Lakini bado kuna ruhusa ya mji."

Mkono wa nyuma ukapanda mara ya pili.

"Karibu, ndugu," nikasema.

Safari hii Mzee Kagaruki hakuitazama migomba. Alinitazama mimi usoni, kwa mara ya kwanza tangu nilipoletwa kwake.

"Mtu huyu nimeishi naye miaka miwili," akasema. "Nilijua anapika, nilijua analima, nilijua ana adabu. Sikujua kwamba anaweza kusema kweli inayomgharimu. Sasa najua. Shimo la pili naanza kesho. Mtoto atabaki na bibi yake. Aende Bukoba, na akirudi aje atuambie na mengine tunayonyamaziana."

Akakaa.

Nilitakiwa kuwauliza wanakikundi wanasemaje, ndiyo kanuni. Sikuweza. Nilipiga magoti pale pale kwenye nyasi, nikainamisha uso, nikamshukuru kwa Kihaya, kama mkamwana, naye akaitikia kama baba. Kisha nikainuka, nikajifuta machozi, nikauliza kama kuna mwenye hoja nyingine.