Alama ya Mazengo

"Nani huyu amekata msalaba kwa kisu?"

Mwinjilisti Kefa alikuwa ameinama juu ya kaburi la Theodora, kidole chake kwenye mkono wa kushoto wa msalaba wa mti. Palikuwa na mikato miwili na tundu katikati, bado mibichi. Mzee Mazengo, mume wa marehemu, hakujificha.

"Ni mimi."

"Jamani, mzee wangu! Msalaba unachorwachorwa?"

"Sijachora. Nimeweka alama yangu."

Alama yenyewe Kilimatinde nzima wanaijua, maana iko kwenye kila mzinga wake kule porini. Kwa warina asali wa huko, ukishachonga gogo na kukata alama yako, yamekwisha. Hata likae tupu miaka na miaka, hakuna atakayeligusa. Mazengo alitaka watu wajue kwamba nafasi ile ya pembeni mwa mkewe ina mwenyewe.

Kefa alikohoa. "Lakini mzee, utaratibu unaujua. Humu wanalala waliobatizwa tu."

"Ndiyo maana nikaja darasani kwako, mwinjilisti."

Loo! Neno lilishamtoka. Kefa akajikalia juu ya jiwe.

"Kumbe ni kwa ajili ya kaburi?"

Mazengo akautazama msalaba. Na tuseme ukweli, alikuwa mpweke mpaka anatia huruma. Theodora alibatizwa akiwa mtu mzima, akambembeleza sana mumewe waende wote, naye akawa anacheka tu: "Tangulia wewe, ukaniwekee nafasi." Alikuwa anatania. Siku hizi akiamka hutamka "Mbukwa" kuelekea mlango wa jikoni, ile salamu yao ya Kigogo, na wanaogeuka ni kuku. Ugali bado anasonga wa watu wawili, na unaobaki wanakula kuku haohao.

"Kesho kwenye ubatizo mchungaji atakuuliza mbele ya watu kama unaamini," Kefa alisema kwa upole. "Jibu ni moja tu, mzee. Ninaamini. Haya ya kaburi tuyaache hapahapa."

"Na kama sina hakika?"

"We sema tu. Mengine yatakuja."

Mazengo akarudi nyumbani na neno lake. Alilijaribu huku akipaka nta ndani ya mzinga mpya. "Ninaamini." Lilitoka vizuri, lakini kama limesemwa na mtu mwingine, na hilo ndilo lililomuuma. Theodora alikuwa hadanganyiki. Alikuwa akimtazama tu machoni, na Mazengo anaanza kujieleza mwenyewe. Sasa aende akalale ubavuni kwake kwa uongo? Na asiposema, azikwe peke yake huku nyuma ya zizi? Alilia, mzee wa watu, mikono imejaa nta asiweze hata kujifuta.

Kesho yake kanisa lilijaa. Mazengo alipiga magoti mbele ya beseni la maji, kanzu nyeupe ya kuazima ikimbana mabegani.

"Mazengo, unamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wako?"

Nyuma ya mchungaji, Kefa alianza kulitamka lile neno kwa midomo mitupu, kama anayemsaidia mtoto kusoma. Mazengo alimwona. Akafumba macho.

"Mchungaji, mzinga nimeuchonga," alisema. "Nta nimepaka, juu ya mti nimeutundika. Nyuki hawajaingia bado." Akafumbua macho. "Lakini siutundui."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaziba mdomo. Kefa aliinamisha uso. Mchungaji alikuwa ameshachota maji kiganjani, na mkono wake ukabaki hewani, hausongi mbele wala haurudi. Maji yakaanza kupenya kati ya vidole. Mazengo hakuinuka. Aliinamisha zaidi kichwa chake chenye mvi, akawa anasikiliza matone yakianguka sakafuni, moja moja, karibu kabisa na magoti yake.